Tairi Lililobaki Chini

Fundi wangu wa magari alikuwa anasikiliza chuma kwa bisibisi. Alikuwa nayo moja ndefu, yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye ekseli au kwenye injini, mpini akaubana sikioni, kisha akafumba macho kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu. Aliweza kukuambia beringi ipi imechoka na ipi inalalamika tu. Gereji yake ilikuwa turubai lililofungwa kwenye mikorosho miwili, kando ya barabara ya vumbi huku kwetu Chanika. Alinizidi miaka kama kumi na mitano, mwenyeji wa pwani hii tangu kwa babu zake, na kila alipotaka kuingia chini ya gari alifanya mambo mawili bila kukosa: alisema bismillahi, na alisukuma tairi la akiba chini ya chesisi, jeki ikisaliti gari lipate pa kuangukia.

Mie ni mtu wa bara. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya udereva kwa wapima barabara, na kazi ile ikaniharibu miguu. Nimekaa Mpanda, Kibondo, Songea, Tunduru, na kote huko sikuwahi kuona mwembe nilioupanda ukizaa. Nilipofika arobaini na kitu, mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Chamazi, alisema watoto hawawezi kubadilisha shule kama wanavyobadilisha soksi. Tukanunua kiwanja, tukajenga. Nikajinunulia na gari la foo-wili la zamani, lenye umri wa kupiga kura mara mbili. Mke wangu alilitazama likishushwa mlimani kwetu akasema, "Hili ni la kwendea shule au la kuondokea?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwaka haukuisha, difu ya nyuma ikafa.

Kwa asiyejua, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya matairi ya nyuma. Inagawa nguvu ya injini kulia na kushoto, na inaruhusu tairi moja lizunguke kwa kasi kuliko mwenzake gari linapokata kona, maana tairi la nje lina safari ndefu zaidi. Ubaya wake ni kwamba difu ya kawaida humpa nguvu mvivu. Tairi moja likikaa kwenye utelezi, nguvu yote inakimbilia huko, linazunguka bure, na lile lililoko pakavu linasimama tu. Lakini ipo aina nyingine, inayojifunga yenyewe. Ndani yake kuna meno yanayoshikana. Ukitia nguvu, matairi yote mawili yanakwenda pamoja, hata moja likiwa hewani. Ukikata kona, meno yanaachia upande mmoja kidogo, tak, tak, tak, halafu yanashika tena. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Inaamua yenyewe.

Niliijua kwa sababu bosi wangu wa kule Kibondo alikuwa na gari lenye difu hiyo. Tulipita nalo mahali ambapo matrekta yalikuwa yamelala. Nimeota sauti ile mara nyingi kuliko ninavyoota nyumbani kwetu nilikozaliwa.

Kwa hiyo siku nilipokwenda Ilala kutafuta ekseli ya mtumba, nikainama kwenye rundo, nikazungusha ncha moja ya ekseli kwa mkono, moyo ulinipiga. Kwenye difu ya kawaida, ukizungusha upande mmoja kwenda mbele, wa pili unarudi nyuma. Hii ilikwenda pande zote mbili mbele. Nikaurudisha mkono nyuma kidogo. Tak.

"Vipi braza," muuzaji akaniuliza, "mbona unaisikiliza kama mtoto mchanga?"

"Naangalia kama ina meno yote."

"Ina meno kuliko mie," akasema, akacheka ili nione mapengo yake.

Hakuwa anajua alichokuwa nacho. Sikumwambia. Nilinunua ekseli nzima kwa bei ya ekseli yoyote, nikaipakia kwenye kirikuu, nikarudi Chanika nimekaa nyuma pamoja nayo, nimeishika mkono.

Kilichobaki kilikuwa fundi. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia, kwa sababu nilijua atakachosema. Mtu aliyemfundisha kazi alikuwa na lori la mchanga. Alilichomelea difu kwa welding ili matairi yaende pamoja, kama wengi walivyokuwa wakifanya. Siku moja ya mvua, kwenye njia iliyolalia upande, matairi yote mawili yakateleza kwa pamoja, mkia wa lori ukashuka korongoni na lori likampindukia. Hakutembea tena. Tangu hapo fundi wangu aliapa kwamba difu yoyote inayofunga matairi pamoja hatii mkono wake. Alikuwa akiwaambia wateja waziwazi: "Kuna mafundi wengine. Nendeni kwao."

Mie sikutaka fundi mwingine. Nilimtaka yeye, na niliitaka difu.

Aliniuliza mara moja tu, tulipokuwa tunaiteremsha. "Mdogo wangu, hii ni ya kawaida?" Nadhani aliuliza kwa sababu nilikuwa naisifia mno.

"Ya kawaida, fundi."

Siku nzima aliyoifunga sikubanduka pembeni yake. Kila alipotaka kuzungusha upande mmoja, mie nilikuwa nimeshaukamata ule mwingine, ili asione unakwenda wapi. Alinishukuru kwa kumsaidia.

Masika yalipoanza, nilipanda mlima wa nyumbani kwetu wakati majirani wameacha magari yao chini na kupanda na viatu mkononi. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Lakini kwenye kila kona difu ilisema tak, tak, tak, na mara nyingine, nikiondoa mguu kwenye mafuta ghafla, ilitoa mshindo ulioshtua kuku. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakikaa pale kona ya dukani walinipokea kila siku.

"Mzee, difu hiyo inakuaga!"

"Iache, inasali!"

Mke wangu alishika mlango kwa mikono miwili. "Gari hili linatafuna mifupa," akasema.

"Ndivyo lilivyo."

"Halikuwaga hivi."

Ningeweza kumweleza. Lakini nikimweleza yeye, fundi atajua, maana walikuwa wakizungumza kila alipopita gerejini. Kwa hiyo nikanyamaza, na yeye akaacha kupanda. Akaanza kwenda shule na bodaboda, kwenye mvua, amefunika madaftari ya wanafunzi kwa mfuko wa nailoni. Nilimwona akishuka mlima namna hiyo asubuhi nyingi, na kila asubuhi nilisema kesho nitamwambia.

Jambo baya zaidi ni kwamba nilianza kuwaamini bodaboda. Nilijua sauti ile ni ya uzima, lakini mtu akiambiwa kila siku kwamba anaumwa, hata mate yake huanza kuyaonja. Nani alijua meno yale yamezunguka kwenye barabara gani huko yalikotoka? Halafu siku moja, pale njia inapolalia upande karibu na kijito, mkia wa gari ulihama. Matairi yote mawili yaliteleza kwa pamoja, taratibu, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwingine, mpaka ukingoni kabisa. Nilikaa ndani dakika nyingi sijashuka. Hilo nalo sikumwambia mtu.

Mke wangu ndiye aliyemwita fundi. Hakuniambia. Jumapili tulipotoka kanisani tulimkuta amekaa kwenye tofali mbele ya nyumba, begi la spana miguuni, bisibisi yake ndefu imechomoza.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Shemeji anasema gari linatafuna mifupa. Nimekuja kuona ni ya nani."

Walicheka wote wawili. Mie nilikwenda kubadilisha shati, nikachelewa kwa makusudi, na niliporudi alikuwa ameshaanza. Alikuwa ameinua tairi la nyuma la kulia kwa jeki, kiasi cha vidole vinne toka ardhini. Mbele ameweka tofali. Hendibreki ameiachia. Hivi ndivyo mafundi wote ninaowajua huku hupima difu: unainua tairi moja, unatia gia, lile lililo hewani linazunguka, na lile lililobaki chini linatulia. Maisha yote ya fundi wangu, tairi lililobaki chini lilikuwa limetulia.

"Bismillahi," akasema. Akasukuma tairi la akiba chini ya chesisi, kisha akaingia kwa upande wa kushoto, maana kulia kulikuwa na jeki. Alilala chali mbele ya lile tairi la kushoto. Miguu yake ilitokeza nje, na tairi lilikuwa nyuma ya nyonga yake, shubiri moja hivi. Niliona kandambili zake zikipandana, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyelala mkekani.

"Mdogo wangu, ingia. Washa, gia ya kwanza, achia klachi polepole. Lizunguke nilisikilize."

Niliingia. Nikashika ufunguo. Nikautazama.

"Fundi," nikasema, "hatungeinua yote mawili?"

"Yote mawili ya nini? Nina jeki moja."

"Naweza kwenda kuazima."

"Leo umekuwa mhandisi?"

Mke wangu akacheka barazani. Nikatafuta neno. Lilikuwa neno moja tu, nalo nililijua tangu Ilala, lakini nyuma yake kulikuwa na maneno mengine yote: kwamba alipouliza nilidanganya, kwamba nilimshikia ekseli ili asione, kwamba yeye aliyeapa alikuwa ameifunga kwa mikono yake. Badala yake nikasema, "Betri iko chini leo."

"Iko chini wapi?" mke wangu akasema. "Si umetutoa nalo kanisani sasa hivi?" Kweli, siku hiyo peke yake, kwa ajili ya mvua na nguo za kanisani, alikuwa amekubali kupanda. Akaja akivua viatu vyake vya kisigino. Alijifunzia kuendesha kwenye gari hilo hilo. "Hebu shuka huko, niingie mie. Shemeji asilale udongoni mpaka jioni."

Nikashuka. Hili ndilo ninalolirudia kichwani kuliko yote. Nilishuka, nikampisha.

Akawasha. Ekzosi ikanguruma. "Gia ya kwanza, mwalimu!" fundi akapaza sauti toka chini, na kwa furaha kabisa, maana alipenda kufanya kazi na mtu asiyebishana. Nikaona mkono wa mke wangu ukishika gia. Nikasema, "Mama, subiri," lakini sauti ilitoka ndogo, injini ikaimeza. Nilikuwa nimesimama karibu na zile kandambili. Nikatazama tairi la kushoto. Kulikuwa na donge la tope jekundu kwenye kashata, ile mikato ya mpira wa tairi. Donge lile lilikuwa juu kidogo ya ardhi. Likashuka. Likagusa ardhi.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima! Inajifunga!"

Mke wangu akashtuka, mguu ukaruka toka kwenye klachi. Gari likaruka mbele, likagonga tofali, likatetemeka, likazima. Jeki ikaanguka na mlio wa kengele. Kuku mmoja akakimbia akilia.

"Fundi," nikasema.

Hakujibu. Nilipiga magoti, lakini sikuweza kuinamisha kichwa kutazama. Nilitazama kandambili. Moja ilikuwa imemtoka mguuni.

"Inajifunga nini?" sauti ikauliza toka chini.

Ilikuwa sauti tulivu kabisa. Kisha akasema, "Nguo yangu imeshikwa. Msiguse kitu chochote. Mwalimu, ondoa miguu kwenye pedali zote."

Tairi lilikuwa limepanda ovaroli yake, pale nyongani. Kitambaa tu. Upana wa vidole viwili zaidi, isingekuwa kitambaa. Hakutaka tulirudishe nyuma, na hakuna kati yetu ambaye angethubutu. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akajiburuza, akatoka kama mtu anayetoka kwenye ganda, amebaki na bukta na fulana ya mpira iliyopauka. Mke wangu akageuza uso, akamtupia kitenge. Akajifunga. Akaomba maji, akanywa.

"Uliijua tangu lini?"

"Tangu Ilala."

"Siku naifunga, unajua."

"Najua."

"Ndiyo maana ulikuwa unanishikia ekseli kama unashika bi harusi." Hakuna aliyecheka. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akamgeukia mke wangu. "Mwalimu," akasema kwa upole, "ungeniua, na usingekuwa na kosa."

Mke wangu alikuwa bado amekaa kwenye usukani, miguu peku, ameikunja juu ya kiti kama mtu anayeogopa maji.

Fundi aliondoka kwa miguu, amejifunga kitenge, begi begani. Ovaroli iliachwa chini ya tairi. Jioni nililisogeza gari, nikaitoa. Mke wangu akaifua mara tatu. Grisi haikutoka, lakini alama ya tairi ndiyo iliyokuwa nyeusi kuliko zote. Alipoianika aliniambia kitu kimoja tu, na hakukirudia.

"Ulishuka ukanipisha."

Siku zilizofuata sikuliwasha gari. Nilikaa nikifikiria Tunduru. Nilikuwa na rafiki kule, angenipa kazi. Nilijua hata basi lingeondoka saa ngapi. Ndipo, nikiwa nimekaa barazani, nilipohesabu miji yangu na kuona kwamba nimehama mingi nikisema ni kazi, kumbe karibu katika kila mmoja kuna mtu niliyekuwa naogopa kukutana naye barabarani.

Mara mbili nilikwenda mpaka gerejini nikapita upande wa pili wa barabara. Mara ya tatu niliingia, ovaroli nimeikunja kwenye mfuko.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa, alikuwa anafunga breki za mtu.

"Nimekuja kusema ninaiondoa. Nitatafuta ya kawaida."

"Na hiyo?"

"Nitaiuza."

"Kwa nani?" Sasa akainua kichwa. "Kwa asiyejua kama muuzaji wako. Naye ataipeleka kwa fundi asiyejua kama mie. Toka hapa mpaka Mbagala mafundi wangapi wanainua tairi moja?"

"Wote."

"Basi."

Alirudi kwenye breki zake. Nilisimama mpaka alipomaliza. Kisha akasema atakuja Jumapili, na nisiguse kitu.

Alikuja na kopo dogo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Hakuleta jeki. Aliweka tofali mbele na nyuma ya matairi yote manne, akalisukuma gari kwa bega kuona kama linatikisika, kisha akanipa kopo.

"Lala pale pale nilipolala. Uandike kwenye tumbo la difu, herufi kubwa. Fundi yeyote akiingia chini ya gari hili, hapa au huko utakakolipeleka, akutane nayo kabla ya bisibisi."

Niliingia chali. Chini kulikuwa na harufu ya mpira na udongo mbichi. Tairi la kushoto lilikuwa nyongani kwangu, kubwa kuliko nilivyowahi kulifikiria. Kutoka pale halifanani na tairi, linafanana na ukuta. Nilipangusa chuma kwa kitambaa, nikachovya brashi. INAJI, nikaandika.

Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Springi zikalia. Mtu amekaa kwenye kiti.

"Fundi?"

"Andika," akajibu toka kwenye kiti.

Nikageuza shingo. Kwa chini niliona baraza, na miguu ya mke wangu, peku, imesimama ukingoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza funguo tangu siku ile.

"Mama, funguo unazo?"

Miguu haikusogea.

"Andika," naye akasema.

Injini ilikuwa bado haijawashwa, lakini juu ya kichwa changu nilisikia klachi ikikanyagwa hadi mwisho, kisha gia ikiingia. J yangu ilikuwa imepinda kama ndoano. Nikaandika FUNGA, nikashuka mstari wa pili, nikaandika INUA YOTE, na jasho likaniingia machoni nisiweze kulipangusa, maana mkono mmoja una rangi na mwingine umeshika chesisi kana kwamba ningeweza kuizuia.

"Umemaliza?" fundi akauliza.

"Bado neno moja."

"Usiharakishe," akasema, na nikaisikia klachi ikiachiwa, polepole sana, kama alivyotaka siku ile iachiwe.